Mashine ya TENS wakati wa kujifungua
Mashine ya TENS ni kifaa kidogo cha betri kinachopitisha umeme hafifu kwenye ngozi ili kupunguza maumivu. Nchini Uingereza wajawazito wengine huinunua au kuikodi kwa ajili ya uchungu wa kuzaa, na kubandika pedi zake nne mgongoni.

Katika kuichagua, la maana zaidi ni kitufe cha kuongeza nguvu, ambacho mama hubonyeza kila uchungu unapokuja. Mashine za maumivu ya kawaida mara nyingi hazina.

Hata hivyo ushahidi wa manufaa yake ni dhaifu. Mwongozo wa NICE wa mwaka 2014 uliwaelekeza wahudumu wasiitoe uchungu ukishakolea, hivyo hutumika zaidi mwanzoni, mama akiwa bado nyumbani. Haitumiki kamwe ndani ya maji.