Namba za Kurasa na Vichwa vya Kurasa katika Tasnifu na Nyaraka za Kitaalamu

Tasnifu inayoandikwa kwa Kiswahili hapa Bujumbura huwa na wasomaji wa mapokeo mawili. Wapo walimu waliolelewa katika utaratibu wa Kifaransa, ambao huweka muhtasari wa yaliyomo mwanzoni na jedwali kamili mwishoni, huku utangulizi wa jumla na hitimisho la jumla vikisimama nje ya hesabu ya sura. Wapo pia waliosomea Tanzania, Kenya au Uganda, ambao huyatafuta yaliyomo yote mwanzoni na hutarajia utangulizi uwe ndiyo Sura ya Kwanza. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na kazi iliyotetewa hapa inaweza kuombwa kesho na msomaji aliyeko Kampala au Dar es Salaam. Mwanafunzi anayechukua nusu huku na nusu kule huharibu kwanza namba za kurasa.

Tuchukue mfano wa siku ya utetezi. Mtahini anasema, "Fungua ukurasa wa 9." Mwanafunzi anafungua orodha ya vifupisho, wakati mtahini anazungumzia tatizo la utafiti. Kazi ina kurasa mbili zenye namba 9, moja katika kurasa za mwanzo na nyingine katika matini yenyewe. Dakika zinapotea, na swali lenyewe linajibiwa kwa haraka.

Dawa yake ni ya zamani na bado inafaa. Kurasa za mwanzo, yaani tabaruku, shukrani, ikisiri na vifupisho, hupewa namba ndogo za Kirumi. Ukurasa wa jina huhesabiwa kuwa i lakini namba yake haichapwi. Namba 1 huanza pale utafiti unapoanza, uwe ni utangulizi wa jumla au Sura ya Kwanza kulingana na mapokeo uliyoyachagua, kisha hesabu huendelea bila kukatika hadi marejeleo na viambatisho. Sababu ni ya kiutendaji. Kurasa za mwanzo ndizo huandikwa mwisho. Ukikumbuka usiku wa kuamkia kuchapa kwamba hukumshukuru mjomba wako, shukrani zitaongezeka ukurasa mzima bila kuvuruga namba ya ukurasa hata mmoja wa sura zako.

Hata hivyo, utaratibu huu una kasoro yake siku hizi. Tasnifu ikisomwa kwenye kompyuta katika faili la PDF, msomaji akiandika 45 huweza kupelekwa kwenye ukurasa uliochapwa 33, kwa kuwa mashine imehesabu na zile kurasa 12 za Kirumi. Kwa sababu hiyo wapo wanaotumia namba za kawaida tangu jalada hadi mwisho. Kwa maoni yangu, ripoti fupi itakayosomwa kwenye skrini tu ifanye hivyo. Tasnifu itakayowekwa maktabani ibaki na Kirumi.

Nyaraka nyingine zina mahitaji yake. Mwongozo wa mashine au wa maabara, ambao hurekebishwa mara kwa mara, hufaa kuhesabiwa kwa sura: 3-14 ni ukurasa wa 14 wa sura ya tatu. Sura ya tatu ikiandikwa upya, ya nne haiguswi. Mtihani, mkataba na kumbukumbu za kikao vinahitaji jumla pia: "Ukurasa wa 3 kati ya 4". Niliwahi kuona mtihani ambao karatasi yake ya mwisho haikubanwa pamoja na nyingine. Hakuna mtahiniwa aliyeuliza, maana hakuna aliyejua kwamba ipo.

(Wazee wetu wa pwani walioandika kwa hati za Kiarabu hawakukosa mbinu. Katika miswada ya hati hizo, chini ya ukurasa huandikwa neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Karatasi zikitawanyika, maneno yenyewe huzipanga.)

Tukija kwenye kichwa cha ukurasa, yaani ule mstari unaojirudia juu ya matini, kosa la kawaida ni kukijaza. Jina la chuo, la kitivo, la idara, la mwandishi na anwani yote ya tasnifu havina kazi kwenye kila ukurasa. Kwa tasnifu, jina fupi la sura linatosha. Kwa mwongozo wa kitaalamu, weka jina la waraka, toleo na tarehe, kwa kuwa ukurasa mmoja uliotolewa fotokopi husafiri peke yake na anayeuokota anapaswa kujua kama bado unatumika. Wanaofuata APA wafahamu kwamba toleo la saba, la mwaka 2019, haliwadai tena wanafunzi anwani fupi juu ya kila ukurasa. Namba katika kona ya juu kulia inatosha, isipokuwa mwalimu akiagiza vingine.

Sisi wa Kiswahili tuna jambo letu zaidi. Programu nyingi huandika "Ukurasa 3", tafsiri ya neno kwa neno. Kiswahili husema ukurasa wa 3, kama kisemavyo Sura ya Pili, si Sura 2. Katika marejeleo tuna uk. kwa ukurasa mmoja na kur. kwa kurasa kadhaa, anayechanganya uk. na p. katika kazi moja ameacha nyayo za lugha aliyosomea.

Kuhusu kompyuta nitasema kidogo. Usiandike namba kwa mkono. Weka kikomo cha sehemu, si kikomo cha ukurasa tu, kati ya kurasa za mwanzo na matini. Ondoa kiungo kinachofungamanisha mguu wa sehemu ya pili na wa ile ya kwanza. Ndipo uagize hesabu ianze upya kwa 1. Ukisahau kukiondoa kiungo, ukibadili upande mmoja utaharibu na wa pili. Jedwali la yaliyomo lisasishwe mwisho kabisa, baada ya masahihisho ya msimamizi, kisha ulinganishe kwa jicho namba tano au sita kabla ya kwenda kuchapisha.