Dinosau alidhaniwa kavunjika mguu, kumbe ni saratani

Je, wajua kwamba saratani ya mifupa iliwashambulia hata dinosau? Mnamo 1989, mfupa mwembamba wa muundi wa Centrosaurus, mnyama mwenye pembe puani aliyekula majani miaka milioni 76 hivi iliyopita, ulichimbuliwa jimbo la Alberta, Kanada. Ncha yake moja ilikuwa imevimba vibaya. Wataalamu walidhani ulivunjika ukaunga.

Baadaye madaktari waliupiga picha kwa mashine ya CT, ambayo hutumia eksirei kuonyesha ndani ya mfupa kipande kwa kipande. Pia walitazama vipande vyembamba kwa hadubini. Walipoulinganisha na mfupa wa Centrosaurus asiye mgonjwa na ule wa binadamu mwenye saratani, jibu lilipatikana, likachapishwa 2020: osteosakoma, tena iliyokwisha kupenya ndani kabisa.

Saratani hiyo huwapata zaidi vijana wanaobalehe, hasa karibu na goti, na ni rahisi kudhaniwa jeraha la mpira. Mwanao akiwa na maumivu ya mfupa yanayozidi usiku, au uvimbe usiopungua kwa majuma kadhaa, usiendelee kumkanda kwa maji moto. Mpeleke hospitali apigwe eksirei.