Bukavu: Mwalimu alinganisha riwaya tatu, wanafunzi wauliza ya kwao iko wapi

Mwalimu mmoja wa Kifaransa mjini Bukavu, jimbo la Kivu Kusini, anasoma na wanafunzi wake riwaya tatu za waandishi wenye asili ya Afrika. Kwake, hazina uzito sawa.

Ya kwanza ni Tram 83 (2014) ya Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi. Anasifu lugha yake inayokwenda kama muziki, kati ya baa, migodi na treni. Lakini analaumu kwamba wanawake wanapita tu humo wakitafuta wateja, bila kupewa maisha yao wenyewe.

Anayoiweka mbele ni Dans le ventre du Congo (2021) ya Blaise Ndala. Tshala, binti wa mfalme wa Wakuba, anajikuta katika kijiji cha Wacongo kilichoonyeshwa kwa wazungu mjini Bruxelles kunako mwaka 1958. Mwalimu anaona kwamba hapo historia inapata sura ya msichana ambaye wanafunzi wanaweza kumuelewa.

Wanafunzi wao wanapendelea ya tatu, riwaya ya maajabu: Children of Blood and Bone (2018) ya Tomi Adeyemi, Mmarekani mwenye wazazi wa Nigeria, wanayoisoma kwa Kifaransa. Zélie anapigania kurudisha nguvu ambazo mfalme aliwanyang'anya watu wake, na miungu yake inatoka kwa Wayoruba.

Mmoja wao aliuliza: ya Washi na Warega iko wapi? Mwalimu alikosa cha kujibu. Kazi ya nyumbani ya juma hilo ikawa moja: kila mwanafunzi aandike hadithi moja aliyosimuliwa na wazee wake.