Mama, Binti na Mwili: Mazoezi Yasiyo Adhabu (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia pale msichana anapovunja ungo na michezo ikamtoka. Yule aliyekuwa akicheza rede na kuruka kamba mpaka magharibi huambiwa sasa ni mwali, atulie. Kaka yake wa umri huohuo anaendelea kwenda uwanjani na hakuna anayemuuliza. Hali hii haipo kwetu tu. Watafiti wa Shirika la Afya Duniani walipokusanya takwimu za wanafunzi wa miaka 11 hadi 17 kutoka nchi 146, walikuta kwamba mwaka 2016 wasichana 85 katika kila 100 hawakufikisha saa moja ya kuushughulisha mwili kwa siku, kiwango kinachopendekezwa kwa umri wao. Kwa wavulana walikuwa 78. Nani basi wa kumrudisha binti uwanjani? Wengi hukimbilia kuitaja shule, na kwa Tanzania mashindano ya michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, yana kazi yake. Lakini mashindano huchagua wachache wenye vipaji, na waliobaki hushangilia. Naona mama ndiye aliye karibu zaidi na jambo hili, ila kwa sharti: asitegemee mawaidha, na mazoezi yake mwenyewe yasiwe adhabu ya unene.

Huko Framingham, Marekani, watafiti waliwavalisha watoto wa miaka 4 hadi 7 na wazazi wao vifaa vya kupima mwendo wa mwili, wakatoa matokeo mwaka 1991. Mtoto ambaye mama yake hujishughulisha alikuwa na uwezekano mara mbili wa kuwa hivyo naye, akilinganishwa na mtoto wa mama asiyejishughulisha. Kwa baba ilikuwa mara tatu na nusu, na wazazi wote wawili wakijishughulisha ilikaribia mara sita. Kwa hiyo baba aliyekwishafungua ukurasa wa michezo akidhani haya ni ya kina mama na arudi hapa. Mwaka 2014 utafiti mwingine, wa Southampton, Uingereza, uliopima mama zaidi ya 500 na watoto wao wa miaka minne, nao ulionyesha kwamba kadiri mama alivyojishughulisha ndivyo na mtoto alivyofanya. Msomaji makini atauliza: je, si huenda mtoto mtundu ndiye anayemkimbiza mama? Inawezekana, na vipimo vya aina hii haviwezi kusema nani alianza. Lakini binti wa miaka 13 aliyekwisha kuketi hamkimbizi mtu yeyote. Katika umri huo mwenye kupanga siku ya nyumba ni mtu mzima, na akianza yeye ndipo nyumba itakapoanza.

Kuanza peke yake hakutoshi. Kuna mama anayeamka alfajiri kukimbia, akarudi akajitazama kwenye kioo na kulalamika kwamba tumbo halishuki na mapaja yanamtia aibu. Binti amesikia. Nchini Australia lilifanyika jaribio kuhusu jambo hili hasa: wasichana wa miaka 8 hadi 12 walitazama picha za wanawake wembamba magazetini pamoja na mama zao, na baadhi ya mama wakaelekezwa waiseme vibaya miili yao wenyewe, si ya watoto. Mabinti waliosikia maneno hayo hawakuridhika na miili yao kama walivyoridhika wenzao, na hata peremende walizowekewa wakala chache. Hakuna aliyewaambia kwamba wao ni wanene. Ushahidi huu kwangu una uzito kuliko ule wa Framingham, kwa sababu hapa tunajua nini kilitangulia: mama alisema, binti akabadilika. Mazoezi yanayoambatana na maneno ya namna hiyo yanamfundisha binti kwamba mwili ni kosa la kurekebishwa, na asipoona matokeo baada ya mwezi ataacha.

Nitaambiwa kwamba hayo ni ya Wazungu wenye kuabudu wembamba, na kwetu mtu akiambiwa amenenepa anashukuru. Fiji nao walikuwa hivyo. Mwili uliojaa ulikuwa sifa. Televisheni ilipofika katika mkoa wa Nadroga mwaka 1995, mtafiti Anne Becker aliwauliza wasichana wa shule, na hakuna aliyesema hujitapisha ili apungue. Miaka mitatu baadaye zaidi ya 11 katika kila 100 walisema hivyo. Siku hizi picha hazingoji televisheni, ziko kwenye simu. Tena tusijidanganye kwamba kupenda mwili uliojaa kulimwacha mwanamke wa kwetu katika amani. Kwa miaka mingi aliyekonda alinyooshewa kidole kuwa ana UKIMWI. Leo wapo wanaonunua dawa za Kichina za kuongeza makalio, na wengine mkorogo wa kung'arisha uso, ambao ukiwa na zebaki huharibu figo. Mwelekeo ni tofauti na ule wa Ulaya, lakini binti anayemwona mama akijipaka mkorogo hupata fundisho lilelile.

Pingamizi jingine ni la mila, na linastahili heshima zaidi. Mambo ya mwili wa mwali hayakuwa ya mama. Pwani palikuwa na somo, kwingine kungwi, shangazi au bibi, na mama alijitenga kwa haya. Sina nia ya kumvunjia mama haya yake. Anaweza asiseme neno kuhusu mwili wa bintiye, na akatembea. Na kwa anayehofia kwamba mazoezi yanavunja stara, katika Sunan ya Abu Daud imo habari mashuhuri ya Bibi Aisha kushindana mbio na Mtume safarini na kumshinda. Baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, walishindana tena akashindwa, na Mtume akamtania kwamba hii ni kwa ile. Wengi husimulia habari hii kuonyesha mapenzi ya ndoa. Mimi naona pia kwamba mwili ulioongezeka haukumzuia kukimbia, wala hakukemewa kwa kuongezeka. Ama mama wa kijijini anayelima na kuchota maji, huyo hadaiwi mazoezi na mtu, anadaiwa mapumziko.

Linabaki pingamizi la madaktari. Nchini Kenya wanawake wenye uzito uliozidi walikuwa robo mwaka 2008, wakafika theluthi mwaka 2014, na kisukari na shinikizo la damu vinafuata nyuma. Tunyamaze? Hapana. Uchunguzi wa Minnesota, Marekani, uliochapishwa mwaka 2013 ulitofautisha mazungumzo mawili. Vijana ambao wazazi wao walizungumzia uzito walielekea zaidi kujinyima chakula na kula kwa namna za hatari. Ambao wazazi wao walizungumzia chakula bora walielekea hivyo kwa kiasi kidogo zaidi. Basi semeni kuhusu mboga, soda na kukaa kutwa nzima, na kipimo cha kiuno muachieni zahanati.

Kwa hiyo, mama, jioni ya leo usimwambie binti yako akafanye mazoezi. Vaa raba, mwambie unakwenda kutembea na unataka mwenzako. Mkirudi, usipande mzani mbele yake. Juma lijalo tutamgeukia baba.