KUBADILI INJINI YA GARI LA CHAMA: MAMBO AMBAYO HATI YA FUNDI HAIYAONYESHI



Mtu apitaye katika gereji za Nyasubi, mjini Kahama, hakosi kuona pikapu iliyofunguliwa boneti, injini yake ya petroli imelazwa juu ya tairi, na injini ya dizeli iliyotoka katika basi dogo ikining'inia kwa mnyororo ikingoja kuingizwa mahali pake. Kazi hii imekuwa ya kawaida. Magari ya vyama vyetu vya msingi nayo yamo katika foleni hiyo, kwa kuwa mengi ni makuukuu, ya petroli, yenye kuvuta magurudumu yote manne, yaliyonunuliwa kwa ajili ya njia za mbugani, na ambayo sasa hunywa mafuta kupita uwezo wa ushuru wa chama.

Sina nia ya kuwakataza wanachama wasibadili injini. Nia yangu ni kueleza kilicho ndani ya kazi hiyo, kwa sababu nimekagua vitabu vya chama kimoja, ambacho sitakitaja jina, kilichobadili injini ya pikapu yake aina ya Toyota Hilux kwa nia njema kabisa, na matokeo yake hayajakwisha hadi leo.

Kwanza tuelewane juu ya injini zenyewe. Injini ya petroli huvuta hewa iliyochanganyika na mafuta, ikaikandamiza kiasi cha mara nane au tisa, kisha plagi ikatoa cheche. Injini ya dizeli, ambayo Mjerumani Rudolf Diesel alifaulu kuiendesha vizuri kwa mara ya kwanza mwaka 1897 katika mji wa Augsburg, haina cheche. Huvuta hewa peke yake, huikandamiza mara 20 hivi katika injini kuukuu za namna tunayoizungumzia, na hewa hiyo huwa ya moto kiasi kwamba dizeli ikipulizwa humo na nozeli huwaka yenyewe. Kwa sababu ya mkandamizo huo chuma chake hakina budi kuwa kinene, na ndiyo maana injini ya dizeli ni nzito. Nguvu yake huja katika mzunguko wa chini, jambo ambalo dereva aliyekwama katika tope la mbuga hulipenda, lakini haizunguki kasi kama ya petroli. Dereva aliyezoea kuipandisha injini mpaka ipige kelele ataiua ya dizeli katika msimu mmoja.

Basi, je, kubadili kunalipa? Naomba Makatibu wahesabu kwa lita kabla ya kuhesabu kwa shilingi, maana bei za EWURA hutangazwa upya kila mwezi, na zipo nyakati ambapo lita ya dizeli imeuzwa ghali kuliko ya petroli. Faida inatoka katika kilomita zinazopatikana kwa lita moja. Tuchukue mfano. Pikapu inakwenda kilomita 1,000 kwa mwezi. Ikiwa petroli iliipa kilomita 6 kwa lita, ilikunywa lita 167 hivi; ikiwa dizeli itaipa kilomita 9, itakunywa lita 111. Chama kimeokoa lita 56 kwa mwezi. Sasa, ikiwa injini, giaboksi, vipuri na ufundi vimegharimu fedha ambayo ingenunua lita 2,000 za mafuta, itachukua miezi 36 ya kazi kurudisha fedha hiyo. Kwa chama ambacho gari lake linafanya kazi mwaka mzima, hiyo ni miaka mitatu. Kwa chama ambacho gari hutoka wakati wa kugawa pembejeo na wakati wa kununua pamba tu, tuseme miezi mitano kwa mwaka, ni zaidi ya miaka saba, na injini hiyo ilikwisha kutumika kabla haijafika kwenu. Kilomita kwa lita hazikisiwi kichwani. Zimo katika daftari la safari za gari, kama daftari hilo linaandikwa. Katika chama nilichokitaja halikuwa limeandikwa kwa miezi 14.

Ninakuja sasa kwenye ufundi. Fundi akisema "injini imekaa", maana yake ni kwamba imefungwa kwenye chasisi na inawaka. Hiyo ni nusu ya kazi. Giaboksi ya injini ya petroli aghalabu haiingiani na injini ya dizeli, hivyo hununuliwa pamoja na injini, au hutengenezwa bamba la kuziunganisha. Bamba likichongwa kwa macho bila kipimo, klachi na beringi za giaboksi huliwa upesi. Injini ya basi dogo huenda ikawa na bakuli la oili lisilolingana na gari lenye difu ya mbele, kwa hiyo lipimwe kabla ya fedha kutoka. Springi za mbele huinama kwa uzito mpya. Rejeta ya zamani ichunguzwe, kwani gari linalotambaa kwa gia ya chini katika tope halipati upepo wa mwendo, linategemea feni peke yake. Tanki lisafishwe lisibaki na petroli, kwa kuwa pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, na petroli huikausha. Pawepo bomba la kurudisha tankini mafuta yanayobaki kwenye nozeli. Na kifuniko cha tanki kiandikwe DIZELI kwa rangi, herufi kubwa; kijana wa kituo cha mafuta anaijua pikapu ya chama kwa sura, na mkono wake umezoea petroli.

Hayo fundi mwema huyajua. Lililokiumiza chama kile ni breki, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka.

Pikapu nyingi zina busta ya breki, yaani kopo la duara lililo nyuma ya pampu ya breki, mbele ya miguu ya dereva. Ndani yake mna ngozi ya mpira inayoligawa kopo sehemu mbili. Dereva akikanyaga, upande mmoja huwa na ombwe na upande wa pili huingia hewa ya kawaida, na hewa hiyo huisukuma ngozi kwa nguvu iliyo kubwa kuliko ya mguu wa mtu. Ombwe hilo latoka wapi? Katika gari la petroli latoka bure. Kabureta ina kizibo kinachofunga njia ya hewa dereva anapoondoa mguu kwenye mafuta. Injini inaendelea kuvuta, hewa haipo, na ombwe linabaki katika njia ya kuingizia hewa, ambako mpira wa busta umechomekwa. Injini ya dizeli aghalabu haina kizibo cha namna hiyo. Inavuta hewa kadiri iwezavyo, na nguvu yake inaongozwa kwa kipimo cha mafuta. Kwa hiyo haina ombwe la kuipa busta, na ni lazima iwe na pampu ya ombwe ya peke yake.

Katika injini za dizeli za Toyota za jamii ya L, kama vile 2L na 3L ambazo tunazipata katika mabasi madogo ya Hiace, pampu hiyo imefungwa nyuma ya altaneta, kitu kimoja nayo. Anayebomoa gari ili auze vipuri huweza kuuza altaneta peke yake kwa mteja mwingine. Ndivyo ilivyokuwa. Chama kilinunua injini ya 3L bila altaneta. Fundi, kwa kutaka kukipunguzia chama gharama, akafunga altaneta ya injini ya zamani, ambayo ilichaji betri vizuri bila taabu. Mpira wa busta akauziba kwa boliti. Gari likawaka, likapelekwa ofisini, Bodi ikalipokea kwa furaha.

Dereva alilalamika kwamba breki ni ngumu. Zikanunuliwa bitana mpya za breki. Akalalamika tena, zikanunuliwa nyingine. Hati mbili za malipo zimo, zote zimeandikwa "matengenezo ya breki". Halafu siku moja, pikapu ikiwa na magunia ya mbegu za pamba na makuli wawili juu yake, ikashuka kwenye kivuko cha mto wa mchanga na haikusimama. Ilipiga ukingo. Kuli mmoja alivunjika mkono.

Katibu asiyejua ufundi hata kidogo anaweza kuipima busta kwa dakika moja. Zima injini. Kanyaga breki mara tano au sita mpaka pedali iwe ngumu. Endelea kuikanyaga, kisha washa injini. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, busta inapata ombwe. Isiposhuka, gari lisipokewe. Na kabla ya hapo, injini inaponunuliwa, hati iorodheshe: injini, altaneta yenye pampu ya ombwe, stata, pampu ya dizeli, nozeli, giaboksi. Neno "injini kamili" halina maana mbele ya mkaguzi, wala mbele ya breki.

Sasa vitabu. Mkutano Mkuu wa chama kile ulikuwa umepitisha fedha ya "kubadili injini" katika makisio. Fedha hiyo ilikwisha kwenye injini na giaboksi. Yaliyofuata, yaani bamba, springi, betri, mabomba, kuchomelea na bitana, yalilipwa kidogo kidogo kwa hati 11 katika kifungu cha matengenezo ya kawaida, na jumla yake ilipita kile kilichopitishwa. Hakuna aliyeiba, nilijiridhisha. Lakini gharama ya namna hii ni ya kuongeza mali, hivyo ikusanywe mahali pamoja na kuingizwa katika daftari la mali za kudumu, ili ikipita makisio Bodi ijue mapema na kulirudisha jambo kwa wanachama na kwa Mrajis Msaidizi. Injini ya zamani ilibaki gerejini bila stakabadhi. Ile nayo ilikuwa mali ya wanachama. Ama iuzwe na fedha iingie benki, ama irudi ghalani.

Kadi ya gari ndiyo iliyoleta mzigo mkubwa kuliko yote. Kadi inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania ina namba ya injini, ukubwa wake na aina ya mafuta. Ya chama hiki ilikuwa bado inasoma petroli. Kampuni ya bima ilipopelekewa dai ikatuma mtu, akalinganisha namba, akaondoka bila kusema neno, na dai limesimama. Chama kinachobadili injini kimwombe mkaguzi wa magari wa polisi aliangalie gari, kiende ofisi ya Mamlaka na hati halali ya manunuzi ya injini ili kadi irekebishwe, kisha kiiandikie kampuni ya bima barua na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Hati ya manunuzi isiyo na jina la muuzaji na namba ya injini iliyotoka haitawafaa huko, na injini ya wizi hujulikana hapo.

Pikapu ile sasa ina altaneta yenye pampu, na nimeikanyaga breki yake mwenyewe. Matibabu ya kuli yalilipwa kwa fedha ya chama. Mkono umeunga, ila hawezi tena kubeba gunia, naye alikuwa akilipwa kwa gunia. Ameandika barua kwa Bodi, na itasomwa katika Mkutano Mkuu kabla ya msimu wa pamba kufunguliwa.