Bwati ya balenyeri ikilia, tusikilize mbele ya kupanda

Wandugu wafanyakazi wa mine, na ninyi wamama munaoenda kutafuta samaki, leo hatuzungumzi juu ya mushahara. Tunazungumza juu ya makelele ya mashini. Sisi watu wa mine tunaijua hiyo lugha. Konkaseri ikibadilisha sauti, hata yule anayekula mukate pembeni anainua kichwa. Mashini ya kushusha watu ikikwaruza, hakuna mutu anaingia mu shimo mpaka mekanisye aangalie. Lakini tukifika Bukama, tukipanda balenyeri kuelekea Kikondja ao Malemba-Nkulu, tunasahau yote. Bwati inalia vibaya, kapiteni anaongeza muziki, na sisi tunanyamaza.

Toka Bukama mpaka Kongolo, Lualaba inabeba watu na mizigo kilometa zaidi ya 600. Nyumba nyingi za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi zinakula kwa hiyo njia. Na boti ikikosa nguvu ya elisi katikati ya ziwa Kisale, haina tena mwenyewe. Upepo unaigeuza ubavu, mawimbi yanaipiga upande, na kama imejaa kupita kipimo, kuanguka si mbali.

Bwati ni nini? Ni ile sanduku ya chuma nyuma ya motere. Inapokea nguvu na kuituma ku chuma kirefu kinachotoka nje, penye elisi. Ndiyo inafanya boti iende mbele, irudi nyuma, ao ibaki pahali pamoja motere ikizunguka. Mafundi wengine wanaiita inverseri.

Sauti inatoka wapi?

Mbele ya kufungua hata buloni moja, boti ifungwe vizuri ku kivuko. Motere iwake, bwati ikiwa katikati. Kama sauti iko, inatoka ku motere, ao pale motere inapoungana na bwati, ao ndani ya bwati upande wa mbele. Kama inakuja tu wakati munaingiza vitesi, tafuteni ku nyuma: bwati upande wa elisi, chuma kirefu, ao elisi yenyewe.

Kisha chukueni kijiti kikavu kirefu, ncha moja ku chuma cha bwati, ncha ingine ku sikio. Wazee wetu wa atelye walisikiliza rulema za pompe vile. Musiguse kitu chenye kuzunguka. Nguo zenye kulegea na kikwembe zikae mbali: chuma cha elisi kikishika kitambaa, hakiachi mutu.

Kila sauti na ugonjwa wake

Kugongagonga ku ralanti, kama misumari ndani ya kikopo, na kunaisha mukiongeza mazuti kidogo: mara nyingi ni ile sahani yenye resori kati ya motere na bwati. Resori zimechoka. Inaweza pia kuwa ralanti iko chini sana, ao silinda moja haichomi muzuri. Anzeni na ralanti, juu haina bei. Kama kugonga kunabaki, sahani ibadilishwe. Siku itavunjika, motere italia lakini boti haitasonga.

Kulia kwembamba kunakopanda pamoja na mwendo: angalieni mafuta ya bwati kwanza. Vuteni kijiti cha kupimia. Mafuta yakiwa machache, rulema na pinyo zinakauka. Yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, mara nyingi kupitia kifaa cha kuyapoza. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, ambreyaji inateleza. Pitisheni simaku ndani ya mafuta: ikishika vipande vya chuma, pinyo ao rulema inakulika. Hapo kuongeza mafuta si dawa, ni kuficha mugonjwa.

Pigo moja kubwa wakati wa kuingiza vitesi: ralanti iko juu sana, ao kabulo haikupangwa vizuri, ao buloni zinazounganisha bwati na chuma cha elisi zimelegea. Kapiteni ashushe motere mpaka ralanti, aache kidogo katikati, ndipo aingize. Wale wanaotoka mbele na kurudi nyuma mara moja ndio wanaua bwati.

Kutetemeka kwa boti yote, kunaongezeka na mwendo: mara nyingi bwati haina kosa. Ku Kisale na Upemba majani ya maji na mafunjo yanajifunga ku elisi. Zimeni motere, ondoeni majani. Kama kunabaki, angalieni kama elisi ilipigwa na jiwe, kisha kama motere na chuma kirefu viko ku mustari moja. Hiyo ipimwe boti ikiwa mu maji: mbao zinajipinda, na kipimo cha inchi kavu si kile cha mu maji.

Kulia kama mulango wenye kutu, chini kabisa: pale chuma kinapotoka nje pamekazwa sana ao pamekosa maji. Wakati wa mwendo, matone machache ya maji pale si ugonjwa. Pakikauka kabisa, panachoma.

Na ya mwisho ndiyo mubaya kuliko zote, juu haina makelele mengi: motere inapanda, boti haiongezi mwendo. Ambreyaji inateleza, ao buloni zimekatika. Rudini ku inchi kavu wakati nguvu ingali iko.

Nani ana haki ya kusema simama?

Mu mine tulipigania jambo moja: mufanyakazi akiona hatari, asimamishe kazi, na asikatwe mushahara. Ku boti, mutu wa kwanza kusikia sauti ni yule kijana anayekaa karibu na motere, mikono na mafuta. Mara nyingi haulizwi. Mwenye boti anataka samaki ifike siku ya soko, na kijana anaogopa kufukuzwa. Sisi tunasema: sauti yake iwe na nguvu sawa na ya kapiteni. Siku moja ya kungojea rulema ni bei ndogo kuliko matanga.

Na ninyi wasafiri, mbele ya kutoa pesa, muulize maneno matatu: mafuta ya bwati yaliangaliwa leo? Boti inarudi nyuma vizuri? Kuko kasia na kamba kama motere ikikufa? Kapiteni mwenye akili hatakasirika. Yule anayekasirika amekwisha kujibu. Mumuache aende, mungoje boti ingine.