Kupanga Kazi Kabla ya Kuijua: Mhitimu wa Chuo Kikuu na Soko la Ajira Tanzania

Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipotangaza nafasi 1,596 za kazi, waombaji waliojitokeza walizidi 135,000, kwa maana kwamba kila nafasi iligombewa na watu wapatao 85. Takwimu hiyo imenukuliwa mara nyingi kuonyesha ukubwa wa tatizo la ajira, na kwa hilo inafaa, lakini kwa anayechunguza jinsi wahitimu wanavyopanga maisha yao ya kazi inaonyesha pia jambo la pili lisilozungumzwa sana: vijana waliosomea fani zisizofanana hukusanyika mbele ya tangazo lilelile kwa sababu tu ndilo lililotolewa. Kuomba kazi kwa namna hiyo si kosa, hasa kwa mwenye shida, ila hakuwezi kuitwa mpango. Mpango wa kazi, kwa maana inayotumika katika makala haya, ni utaratibu ambao mtu huamua mapema atafanya nini, kwa muda gani na kwa gharama ipi, ili muda huo utakapokwisha awe anajua kuhusu kazi, na kuhusu uwezo wake mwenyewe, jambo ambalo hakulijua mwanzoni.

Vizazi vya kwanza vya wasomi nchini havikuhitaji maarifa hayo. Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza Oktoba 1961 kikiwa na kitivo kimoja cha sheria katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilizaliwa wakati nchi inapata uhuru ikiwa na upungufu mkubwa wa wataalamu wazalendo, na kwa zaidi ya miongo miwili serikali ilikadiria mahitaji yake, ikagharamia masomo, kisha ikawapangia wahitimu vituo vya kazi. Mhitimu alisubiri barua, na barua ilikuja. Utaratibu huo ulififia mapema miaka ya 1990, serikali ilipopunguza watumishi na kubana ajira mpya katika mageuzi ya kiuchumi, lakini mazoea uliyoyajenga hayakufa nao. Wazazi wengi waliosomesha watoto baada ya hapo bado huiona shahada kuwa ahadi ya barua, na mhitimu anayekaa nyumbani mwaka mzima akisubiri ajira zitoke anafuata mantiki iliyokuwa sahihi kabisa mwaka 1970.

Taaluma ya kuwaelekeza watu kikazi, yaani unasihi wa kazi, kwa kawaida huhesabiwa kuwa ilianzia Boston, Marekani, mwaka 1908, Frank Parsons alipoanzisha ofisi ya kuwashauri vijana waliokuwa wakitafuta riziki katika mji uliokuwa ukijaa wahamiaji na viwanda. Kitabu chake, kilichotoka mwaka 1909 baada ya kifo chake, kilisimama juu ya nguzo tatu: mtu aijue nafsi yake, aijue kazi, kisha apime kwa fikra tulivu uhusiano wa mambo hayo mawili. Nguzo hizo bado zinatumika, ingawa semina nyingi za wahitimu huitumikia ile ya kwanza pekee, mara nyingi kwa madodoso ya kupima tabia yanayotokana na kazi ya John Holland, mwanasaikolojia aliyewagawa watu katika aina sita kulingana na mielekeo yao. Udhaifu wa njia hiyo uko wazi. Kijana aliyekaa darasani miaka 16, kuanzia darasa la kwanza hadi shahada ya miaka mitatu, anaulizwa anapenda kazi gani ilhali hajawahi kuona siku ya kawaida ya ofisa ugavi, ya mkaguzi wa ndani wa halmashauri, au ya msimamizi wa ghala la mbolea. Atakachojibu ni sifa ya kazi aliyoisikia, na sifa hiyo kwa kawaida imetungwa na watu ambao nao hawajaifanya.

Kwa sababu hiyo nadharia iliyotolewa mwaka 1999 na John Krumboltz na wenzake, ambayo kwa Kiswahili inaweza kuitwa bahati iliyoandaliwa, inaelekea kumfaa zaidi mhitimu asiyejua aanzie wapi. Nadharia hiyo inakubali kwamba kazi nyingi ambazo watu huishia kuzifanya hawakuzipanga, kwamba zilitokana na kukutana, kuhama, au kujaza pengo la mtu mwingine, na kwamba kutokuwa na uhakika ni hali ya kawaida isiyohitaji tiba. Haisemi hata hivyo kwamba mtu akae akingojea nasibu imkute. Inamtaka afanye kwa makusudi mambo yanayoongeza uwezekano wa kukutana na jambo jema, na awe na maandalizi ya kulitumia litakapotokea, jambo ambalo kwa mhitimu wa Tanzania linaanza kwa kutambua kwamba njia zilizo mbele yake haziendi kwa ratiba moja.

Njia ya kwanza ni ya taaluma zinazosimamiwa na bodi au mabaraza, ambazo shahada peke yake haimpi mtu ruhusa ya kuzifanya. Mhitimu wa udaktari hana budi kupitia utarajali, yaani mwaka mmoja wa kazi chini ya uangalizi katika hospitali iliyotambuliwa, kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Mhitimu wa sheria anayetaka kuwa wakili hupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2008. Mhandisi husajiliwa kwanza na Bodi ya Usajili wa Wahandisi akiwa mhandisi mhitimu, kisha hujenga uzoefu chini ya wahandisi waliobobea, na mpango wa bodi hiyo wa mafunzo ya uanagenzi kwa wahitimu huchukua miaka mitatu. Mhasibu hukabiliana na mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, inayofanyika Mei na Novemba. Katika fani hizi kosa kubwa, na la gharama kuliko linavyoonekana, ni kuahirisha hatua ya bodi hadi kazi ipatikane, kwa kuwa mhasibu aliyemaliza chuo Julai na kujisajili kwa mitihani ya Novemba ana masomo kichwani, ana marafiki wa kusoma nao, na ana wasifu unaosonga mbele hata asipoajiriwa, ilhali mwenzake anayesubiri mshahara wa kulipia ada huikuta mitihani hiyo baada ya miaka minne akiwa amesahau nusu ya alichosoma. Pale ambapo familia inaweza kuchangia jambo moja tu baada ya mahafali, ada ya bodi inastahili kutangulia.

Njia ya pili ni utumishi wa umma, ambao maombi yake mengi hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichowekwa na Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 kama ilivyorekebishwa mwaka 2007. Njia hii ina faida moja ambayo wengi hawaijui: anayefaulu usaili na kukosa nafasi hawekwi kando moja kwa moja, kwani jina lake huweza kuhifadhiwa katika kanzidata, yaani hifadhi ya kielektroniki ya taarifa za waliofaulu, na kupangiwa kazi nafasi ya aina hiyo inapotokea ndani ya muda uliowekwa. Kushiriki usaili kwa maandalizi kuna thamani hata pale nafasi ni chache. Wakati huohuo, njia hii huwaangusha watu kwa mambo madogo. Matangazo ya Sekretarieti husema wazi kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi badala ya vyeti vyenyewe, na mwombaji ambaye jina lake katika cheti cha kuzaliwa linatofautiana na lile la cheti cha shule hutakiwa kuwa na hati ya kisheria inayothibitisha kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Marekebisho ya aina hiyo huchukua wiki kadhaa, na hayafanyiki usiku wa kuamkia usaili.

Njia ya tatu, ya sekta binafsi na shughuli za kujitegemea, ndiyo pana kuliko zote na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi, kwa kuwa nafasi zake nyingi hazitangazwi. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha hoja kuhusu nguvu ya uhusiano wa mbali, iliyotokana na utafiti juu ya watu waliobadili kazi. Aligundua kwamba miongoni mwa waliopata kazi kupitia mtu waliyemfahamu, chini ya mmoja kati ya watano ndio waliokuwa wakikutana na mtu huyo mara kwa mara, na waliobaki walipata taarifa kwa watu waliowaona kwa nadra au kwa vipindi. Sababu yake haihitaji hesabu ngumu: ndugu na marafiki wa karibu huishi katika mzunguko mmoja, husikia habari zilezile na kukosa zilezile, wakati mtu wa mbali yumo katika mzunguko mwingine.

Hapa inabidi kutenganisha mambo mawili ambayo mazungumzo ya mitaani huyachanganya chini ya neno moja, kujuana. Kuna upendeleo, ambapo asiyestahili hupewa nafasi kwa sababu ya ukoo au fedha, na huo ni ufisadi usio na utetezi. Na kuna mwendo wa taarifa, ambapo mtu anayestahili hujua mapema kwamba kiwanda fulani kinafungua tawi Kahama, au kwamba ofisi fulani inaandaa mradi utakaohitaji wakusanya takwimu. Mhitimu anayechukia la kwanza, na ana haki ya kulichukia, hujinyima mara nyingi na la pili. Aliyesimamia mafunzo yake kwa vitendo akiwa mwaka wa pili, waliomtangulia chuoni kwa miaka miwili au mitatu, mwenyekiti wa chama cha ushirika alikokusanyia data za utafiti wake, wote hao ni watu wa mbali kwa maana ya Granovetter, na kinachofaa kuombwa kwao mwanzoni ni maelezo ya kazi yenyewe: inafanywaje, inalipaje, nani aliajiriwa karibuni na alikuwa na nini ambacho wengine hawakuwa nacho. Ombi la namna hiyo halimwii vigumu mkubwa kulijibu, na majibu ya watu kumi yatamfundisha mhitimu mengi kuliko dodoso lolote la tabia.

Kujitolea, ambako siku hizi kumekuwa hatua ya kawaida kwa walimu na wahudumu wa afya wasio na ajira, kunahitaji tahadhari. Kunafaa pale kunapompa mtu ujuzi unaothibitika, msimamizi atakayemwandikia barua, na angalau nauli, tena kwa muda ulioandikwa, tuseme miezi sita. Kusikokuwa na mwisho huwa kazi kamili isiyo na mshahara, na taasisi inayoridhika nayo haina haraka ya kuajiri.

Kuhusu shahada ya pili, uamuzi wa makala haya ni kwamba kwa mhitimu asiyejua anataka nini, kuisoma mara moja baada ya ya kwanza ni kununua muda kwa bei kubwa. Ronald Dore, katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu ugonjwa wa vyeti, alioutazama Kenya miongoni mwa nchi nyingine, alionyesha kwamba wanaosaka kazi wanapozidi nafasi, waajiri hupandisha kiwango cha cheti kwa kazi ileile, vijana hukimbilia cheti cha juu zaidi, na mzunguko huanza upya bila kazi yenyewe kubadilika. Anayetaka kuwa mhadhiri hana njia nyingine, na mwenye ufadhili kamili ana hesabu tofauti, lakini wengine wangefaidika zaidi kuisoma baada ya miaka miwili ya kazi, wakati wanajua ni swali gani wanalipeleka darasani.

Fedha pia zina sehemu yake katika mpango. Mnufaika wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu akishaajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi, na mshahara wa kwanza hauna budi kupimwa baada ya makato hayo, kodi na mchango wa hifadhi ya jamii. Kwa anayeelekea kujiajiri, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi, asilimia 4 ikiwa ya vijana, 4 ya wanawake na 2 ya watu wenye ulemavu, utaratibu uliositishwa mwaka 2023 ili kurekebisha usimamizi wake na kurejeshwa mwaka uliofuata. Mikopo hii humfaa aliyekwisha kuuza kitu, hata kidogo, na kujua mteja wake ni nani. Mhitimu wa kilimo aliyekaa msimu mmoja kwa wakala wa pembejeo atakuwa amejifunza kwa posho ndogo kile ambacho kikundi kilichokopa bila uzoefu hujifunza kwa deni.

Ipo taarifa moja ambayo ingewapunguzia wahitimu kazi kubwa ya kubahatisha, nayo wanaoweza kuikusanya kwa urahisi zaidi ni vyuo vyenyewe: waliomaliza programu fulani miaka mitatu iliyopita wako wapi, wanafanya nini, na ilichukua miezi mingapi. Vyuo hufanya utafiti wa kufuatilia wahitimu, ila matokeo yake hutumika zaidi katika kurekebisha mitaala, na ni nadra mwanafunzi kuyaona kabla hajachagua programu. Idara inayobandika matokeo ya mitihani kwenye mbao za matangazo inaweza kubandika na hayo, na wanafunzi wanaolipa ada, pamoja na wazazi wao, wanapaswa kuyadai.